Kioo: shajara ya kidirisha cha kusomea sifa za wijeti

Jumatatu, 3 Machi

Jana usiku, baada ya futari, mweka hazina wa kikundi alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye shida: "Mwanangu, daftari langu la mkono lina hisa 42 za leo. Kompyuta inasema 44. Hizo mbili zimetoka wapi?"

Kikundi chenyewe ni cha kuweka na kukopa, cha akina mama na vijana wachache wa mtaani kwetu hapa Tanga. Programu yao niliiandika mwaka jana kwa lugha ya Python na Tkinter, maktaba ya kutengeneza madirisha na wijeti, yaani vitufe, lebo na visanduku vya kwenye skrini. Niliichagua Tkinter kwa sababu kwenye Windows inakuja ndani ya kifurushi kilekile cha Python, haidai intaneti, na laptopu ya kikundi ni ya siku nyingi. Fomu ni ndogo: unachagua mwanachama, unaandika idadi ya hisa, unabonyeza Hifadhi.

Asubuhi nilikwenda kwake. Zile hisa 2 ni za wanachama wawili walioandikwa mara mbili, mstari wa pili ukiwa umefuata wa kwanza kwa sekunde moja tu. Hapo nikajua ni kidole kilichorudia. Lakini kurudia nilishakuzuia! Hisa zikihifadhiwa, kitufe kinazimwa mpaka achaguliwe mwanachama mwingine. Kwa kipanya zuio linafanya kazi. Nilibonyeza mara kumi, ukaandikwa mstari mmoja. Mama, yaani huyo mweka hazina, hatumii kipanya. Anaandika namba, anagonga Enter, na asipoona mabadiliko haraka anagonga tena.

Enter nimeifunga kwa mistari hii:

```
def kwa_enter(tukio):
    if kitufe["state"] == "disabled":
        return
    hifadhi()
```

Nimeitazama nusu saa nzima. Ukiisoma, haina kosa: ukikuta kitufe kimezimwa, rudi. Nimemwomba mama kwa sasa ahakiki jumla kila baada ya watu watano. Amekubali, lakini najua nimemwongezea kazi ambayo programu ilikuja kumpunguzia, na hilo limeniuma.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua faili dogo pembeni, nikaweka kitufe kimoja cha ttk (seti mpya ya wijeti iliyomo ndani ya Tkinter, ndiyo ninayoitumia kwenye programu), nikakizima kwa `kitufe.configure(state="disabled")`, kisha nikaiuliza Python kama `kitufe["state"] == "disabled"`. Jibu: `False`. Kitufe kiko mbele yangu, kimefifia, na jibu ni hapana.

Nikachapa aina ya kile kilichorudi. Si mfuatano wa herufi. Ni `Tcl_Obj`, na kikichapwa kinaonekana kikiwa ndani ya alama za pembe, neno lenyewe likiwa katikati.

Hili linaeleweka ukijua Tkinter imetoka wapi. Tk, maktaba ambayo Tkinter imejengwa juu yake, haikuandikwa kwa ajili ya Python. Ni kazi ya John Ousterhout, aliyekuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na lugha yake ya asili ni Tcl. Tkinter ni mkalimani. Ukiandika `kitufe["state"]`, Python inaita `cget`, amri ya kusoma sifa, swali linavuka kwenda upande wa Tcl, jibu linarudi. Mkalimani anajua kugeuza namba ikawa namba na maandishi yakawa maandishi, ila vipo vitu ambavyo havigeuzi. Anakukabidhi kama alivyovipokea. Kitufe cha zamani, `tk.Button`, kinakupa herufi tupu, kwa hiyo mistari yangu ingepona. Cha ttk hakikupi, na Python ikilinganisha kitu hicho na herufi inasema havifanani, bila kulalamika wala kutoa kosa.

Dawa ni kukizungushia `str()`. Nikaibadilisha `kwa_enter`, nikaendesha programu halisi, nikaandika hisa 3, nikagonga Enter mara mbili.

Mistari miwili.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimekielewa kiini, na nakiandika kwa urefu kwa sababu sitaki kukisahau.

Tofauti ya faili dogo na programu halisi ilikuwa moja. Kwenye faili dogo nilizima kitufe kwa `configure(state="disabled")`. Kwenye programu nilikizima kwa njia ya ttk yenyewe, `kitufe.state(["disabled"])`. Kwa macho matokeo ni yaleyale. Lakini baada ya njia ya pili, `str(kitufe["state"])` inarudisha `normal`. Kitufe kimefifia, hakibonyezeki, na sifa yake inasema kiko kawaida.

Nikarudi kwenye maelezo rasmi ya Tk na kusoma sehemu ya sifa hii neno kwa neno. Kumbe wameandika wazi: kwenye wijeti za ttk, `state` kama sifa ni ya kuandikia tu. Ukiiwekea thamani, hali ya wijeti inabadilika. Ukibadilisha hali kwa amri ya `state`, sifa haiguswi. Imewekwa ili msimbo ulioandikwa kwa wijeti za zamani uendelee kufanya kazi. Hali halisi imekaa mahali pengine, kwenye alama ndogondogo ambazo kila wijeti ya ttk inazibeba: `disabled`, `focus`, `pressed`, `active`, `readonly` na nyingine, kila moja ikiwashwa na kuzimwa peke yake. Kuzisoma unatumia `kitufe.state()`, inayokupa zilizowashwa, au `kitufe.instate(["disabled"])`, inayokujibu ndiyo au hapana.

Kwa hiyo kwa mwaka mzima nimekuwa nikiisoma karatasi ya oda nikidhani naangalia kilichomo sufuriani. Sifa ni oda: ndicho nilichoiagiza maktaba. Alama za hali ni kile maktaba inachokitumia sasa hivi kuamua kama kitufe kibonyezwe au la. Na kuna cha tatu, kilichochorwa kwenye skrini, ambacho nacho kina njia yake ya kuulizwa. Nilikuwa nayachanganya yote matatu chini ya neno moja, "sifa".

Marekebisho yenyewe yamekuwa mafupi kuliko nilivyotarajia. Ningeweza kutumia `instate`, lakini nimeona kilicho bora zaidi:

```
def kwa_enter(tukio):
    kitufe.invoke()
```

`invoke` inakiambia kitufe kijibonyeze chenyewe. Kama kimezimwa, cha ttk hakifanyi lolote. Uamuzi sasa unafanyika mahali pamoja, na mimi sihitaji kukisia hali yake kutoka nje. Nimegonga Enter mara ishirini. Mstari mmoja.

Toleo jipya nimempelekea mama kwa flashi. Nikiwa njiani kurudi nimeamua kutengeneza kidirisha ambacho nikielekeza kipanya kwenye wijeti yoyote ya programu kinanionyesha oda, hali na kilichochorwa, kila kimoja kwenye safu yake. Nitakiita Kioo.

Ijumaa, 7 Machi

Safu ya kwanza, ya oda, imekamilika. Nilidhani nitalazimika kuandika majina ya sifa za kila aina ya wijeti kwa mkono. Haikuhitajika. `w.keys()` inakupa majina yote, na `w.configure()`, ukiiita bila kuipa kitu, inakupa kamusi nzima. Wengi tunaijua `configure` kama amri ya kubadilisha. Kumbe ukiiita mikono mitupu inasoma.

Kila sifa inarudi na vipande vitano: jina, jina lake katika hifadhidata ya chaguo, tabaka lake katika hifadhidata hiyo, thamani ya kiwandani, na thamani ya sasa. Cha pili na cha tatu ni urithi wa mfumo wa X wa Unix, ambako mtumiaji aliweza kupanga rangi na fonti za programu zote kwa faili la mipangilio. Mimi nilivihitaji cha nne na cha tano. Nikivilinganisha, Kioo kinaweza kuficha sifa zote ambazo sikuzigusa na kubakiza zile nilizoziagiza mwenyewe. Orodha ya sifa thelathini na kitu imebaki mistari minne, na ndiyo minne niliyokuwa naitafuta. (Linganisha baada ya kuvigeuza vyote viwili kwa `str()`. Somo la Jumanne.)

Mara ya kwanza kilianguka. Kwenye vitufe vya zamani, `bd`, `bg` na `fg` havina vipande vitano, vina viwili tu: jina fupi, na jina refu linalorejelewa, mfano `-background`. Ni lakabu. Sasa Kioo kinahesabu vipande kwanza. Kikikuta viwili kinaruka.

Jumapili, 9 Machi

Kazi ya nusu saa tu leo. Safu ya vipimo inaonyesha kila wijeti ina upana wa 1. Sababu: niliuliza `winfo_width()` kabla dirisha halijachorwa, na kabla ya kuchorwa jibu ni pikseli 1. Nikiita `update_idletasks()` kwanza, namba zinakuja sahihi. Nimeongeza pia `winfo_reqwidth()`, yaani upana ambao wijeti iliuomba, ili nione nani aliomba kikubwa akapewa kidogo. Jina refu la mwanachama mmoja lilikuwa linakatwa mwisho, na hapo ndipo nilipoiona sababu.

Na tahadhari: `width` ya oda kwenye kisanduku cha kuandikia ni idadi ya herufi, `winfo_width` ni pikseli. Usizilinganishe.

Mama hajapiga simu baada ya kikao cha leo. Sijui nifurahi au nisubiri.

Jumatano, 12 Machi

Rangi. Nimetumia siku mbili kwenye rangi.

Kwenye lebo ya zamani, `lebo["background"]` inajibu mara moja. Kwenye kitufe cha ttk unapata kosa: hakuna sifa yenye jina hilo. Ttk, iliyoingia rasmi kwenye Tk toleo la 8.5 mwaka 2007, iliitenganisha sura na wijeti. Kitufe hakibebi rangi yake. Kinabeba jina la mtindo, na mtindo ndio wenye rangi. Ni kama sare ya shule: rangi ya shati humuulizi mwanafunzi, unauliza yuko shule gani.

Ila ukiuliza `w["style"]` mara nyingi utapewa maandishi matupu, kwa sababu hukuagiza mtindo wowote. Hapo mtindo unaotumika ni ule wenye jina la tabaka la wijeti, na tabaka unalipata kwa `winfo_class()`: `TButton`, `TLabel`, `TEntry`. Ndiyo maana Kioo kinafanya hivi:

```
mtindo = str(w["style"]) or w.winfo_class()
rangi = ttk.Style().lookup(mtindo, "foreground", w.state())
```

Ile `w.state()` ya mwisho ndiyo iliyonichukua siku ya pili. Mtindo mmoja una rangi zaidi ya moja: rangi ya kawaida, rangi ya kitufe kilichozimwa, rangi ya kitufe kilichopitiwa na kipanya. Usipoipa `lookup` hali ya wijeti, inakupa rangi ya kawaida hata kama kitufe kimefifia mbele ya macho yako. Hali tena! Kila nikizunguka narudi kwenye zile alama ndogondogo.

Kwenye Windows kuna jambo la ziada. Kwa mwonekano wake wa kawaida, uso wa kitufe unachorwa na Windows yenyewe, kwa hiyo rangi ya usuli ambayo `lookup` inaitaja si lazima iwe ndiyo unayoiona. Kioo sasa kinaweka alama ya kuuliza pembeni mwa rangi hiyo. Ni afadhali kikiri kuliko kunipa jibu la uongo kwa sauti ya uhakika.

Majina ya rangi kama `SystemButtonFace` nimeyageuza kwa `winfo_rgb()`, inayotoa namba tatu, kila moja kati ya 0 na 65535. Ukigawa kwa 257 unarudi kwenye 0 hadi 255 tuliyoizoea.

Fonti zinafuata njia hiyohiyo: unachopewa mara nyingi ni jina tu, `TkDefaultFont`. Kujua ni fonti gani hasa, unalipitisha jina kwenye `nametofont`, kisha unaita `actual()`, upate familia, ukubwa na uzito.

Alhamisi, 13 Machi

Sifa nyingine ni majina ya vitu, si vitu vyenyewe. `textvariable` inarudisha kitu kama `PY_VAR0`. Yaliyomo unayasoma kwa `w.getvar("PY_VAR0")`. `command` inarudisha namba ndefu iliyoungana na jina la kazi yangu (function), nalo ni jina la upande wa Tcl, huwezi kuliita moja kwa moja kama kazi ya Python. Kioo kinakata namba na kuonyesha jina la kazi. Linatosha kujua kitufe kimefungwa kwenye nini.

Jumamosi, 15 Machi

Kuchagua wijeti kwa kipanya: `winfo_containing`, unaipa mahali kipanya kilipo kwenye skrini, inakupa wijeti iliyo chini yake. Imefanya kazi vizuri kila mahali isipokuwa kwenye kisanduku cha kuchagulia mwanachama. Orodha yake ikiwa imeshuka, nikipitisha kipanya juu yake programu inatupa `KeyError: 'popdown'`.

Ile orodha inayoshuka haikuumbwa na Python. Imeumbwa na Tcl wakati kisanduku kinafunguka, na Tkinter haina kumbukumbu yake kwenye kitabu chake cha majina. Wijeti ipo, inaonekana, ina sifa, lakini kwa upande wetu haina jina.

Nimeikwepa kwa kumruka mkalimani. Kila wijeti ina njia yake, na ya orodha hii inaishia na `.popdown.f.l`. Ukiijua njia unaweza kusema na Tcl ana kwa ana:

```
dirisha.tk.call(njia, "cget", "-background")
```

Jibu limekuja. Imenifurahisha kuona kwamba ndani ya wijeti ya kisasa ya ttk orodha yenyewe bado ni ile ya zamani ya Tk, na ndiyo maana rangi za mtindo wangu hazikuwahi kuifikia, jambo lililonisumbua tangu mwaka jana.

Jumatatu, 17 Machi

Mama amepiga. Si hisa safari hii. Katibu alitaka orodha ya simu za wanachama awatumie ujumbe wa kikao cha kabla ya Idi. Mama akabonyeza kitufe cha kutoa orodha kwenye faili, katibu akafungua, namba zote zina tarakimu tisa. Sifuri ya mwanzo haipo.

Kwenye skrini zipo. Kwenye hifadhidata zipo. Nimekiwasha Kioo na kukielekeza kwenye jedwali, safu zangu zikaonyesha mambo mawili yasiyokubaliana: kilichochorwa ni 07 na kuendelea, nilichokisoma mimi ni 7 na kuendelea.

Kuandika faili nilikuwa nasoma kila mstari kwa `jedwali.item(mstari)["values"]`. Nimefungua msimbo wa `ttk` ndani ya Python, uko wazi kwa yeyote kuusoma, na nimekikuta kipande kinachohusika. Thamani zikirudi kutoka Tcl kwa njia hii, kila moja inajaribiwa kugeuzwa kuwa namba kamili. Ikikubali inabaki namba, ikikataa inabaki maandishi. Kwa idadi ya hisa, ni msaada. Kwa namba ya simu, ambayo ni namba kwa jina tu na hakuna anayeijumlisha, sifuri inatupwa. Hakuna kosa linalotolewa. Nani angejua, kama katibu hakuwa makini?

Njia isiyogeuza ni kuuliza safu moja moja:

```
simu = jedwali.set(mstari, "simu")
```

Jina lake linasema "weka", lakini ukiipa mstari na safu bila thamani, inasoma, na inakurudishia herufi kama zilivyo. Nimeijaribu kwa wanachama wote, namba zote zina tarakimu kumi.

Kisha nikapitia programu nzima kutafuta `["values"]`. Zilikuwa sehemu tatu. Moja ilikuwa inasoma namba ya uanachama, na tulianzia 001. Hiyo ilikuwa inasubiri siku yake.

Jioni niliongea na dada mmoja anayetengeneza programu ya duka la dawa kwa maktaba hiihii. Amenyamaza kidogo, akasema namba za mafungu ya dawa zao nyingine zinaanza na sifuri, na akakata simu akaangalie.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeongeza kwenye Kioo safu ya nne kwa ajili ya jedwali: thamani kupitia `item`, thamani kupitia `set`, na rangi nyekundu zikitofautiana. Pia `grid_info()`, inayosema wijeti imepangwa mstari na safu ipi, na `winfo_manager()`, inayosema nani aliyeipanga. Lebo moja ya jumla iliyokuwa haionekani kabisa imetoa jibu tupu: niliiumba nikasahau kuiweka kwenye dirisha.

Vilivyobaki ni vielelezo vya turubai (eneo la kuchorea picha na mistari), ambavyo si wijeti na vinasomwa kwa `itemcget`. Programu ya kikundi haina turubai. Vitasubiri.

Jumapili, 23 Machi

Nimehudhuria kikao, nimekaa nyuma ya mama na Kioo kikiwa wazi kwenye kona ya skrini, safu ya hali ikielekezwa kwenye kitufe cha Hifadhi. Kila alipogonga Enter, `disabled` ilitokea. Kila alipochagua mwanachama mwingine, ikatoweka. Safu ya oda pembeni yake ilibaki `normal` kikao kizima.

Mwisho akajumlisha daftari lake kwa kalamu, mara mbili kama kawaida yake, akanigeuzia karatasi nione. Hisa 51. Nikamgeuzia skrini.